Kahawa Haichanui Mwezi wa Saba

Niseme mapema kwamba ninaandika haya nikiwa na hasira, na wanaonifahamu hawatashangaa. Pale hotelini Al Garhoud ninakofua mashuka ya wageni wananiita Dada Pasi, kwa sababu ya moto. Sikatai. Ila hasira hii si ile yangu ya kila siku, ya mashine kugoma au ya mtu kula chakula changu kwenye friji. Hii ni kwa ajili ya Kasian na mama yake, nimekaa nayo tangu mwezi wa saba na bado haijapoa.

Kasian Ndunguru ni Mmatengo wa milima ya Mbinga, kusini kabisa mwa Tanzania. Hapa Dubai anafuta vioo vya maghorofa. Ukipita Al Barsha ukainua macho, ukaona watu wamesimama kwenye jukwaa lililoning'inizwa kwa nyaya, wanasugua vioo huku jua linawachoma migongo, mmoja wao huenda ni yeye. Ni mfupi, ana mabega mapana na maneno machache. Akitembea anauvuta kidogo mguu wa kulia, na habari ya mama yake inaanzia kwenye huo mguu.

Alizaliwa wayo umegeukia ndani. Baba yake alifariki mtoto hajaanza hata kutambaa, na ndugu wa baba wakamwambia mama yake, mama Agnes, asijisumbue na yule kilema, akue tu hapo nyumbani, afukuze ndege shambani. Mama Agnes aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kesho yake akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akashuka mlima mmoja na kupanda mwingine hadi hospitali ya misheni. Sista mmoja alikuwa amemwambia kwamba mguu unaweza kunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta, mradi plasta ibadilishwe kila wiki. Basi kila wiki alikwenda. Mvua za kule hazina adabu, na plasta ikilowa imeharibika, kwa hiyo nailoni ilikuwa ya mtoto, mvua ikawa ya mama.

Mguu ulinyooka, kisha ukarudi kupinda Kasian alipofika umri wa kwenda shule. Mama akaanza upya. Safari hii mtoto alikuwa mzito, miguu yake inaning'inia karibu na magoti ya mama, na wanawake waliokutana naye njiani walimcheka kwamba amembeba mume. Aliwajibu kwamba akichoka atamshusha, ila bado hajachoka. Mimi nikisikia jibu hilo hadi leo nataka kupiga makofi.

Haya yote Kasian alitusimulia mwenyewe, vipande vipande, katika jumuiya yetu. Sisi Wakatoliki tunaosema Kiswahili hukusanyika baada ya misa kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, Watanzania, Wakenya na Waganda wawili watatu, kila mtu na chupa yake ya maji. Tunasali, tunapeana habari za kazi na za nyumbani, tunacheka. Kasian alikuwa anatusikilizisha sauti ya mama yake. Simu za WhatsApp huku hazipigiki, ujumbe wa sauti ndio unaopita, na mama Agnes alijifunza kubonyeza na kushikilia akiwa na umri wa bibi. Kila asubuhi alituma: mbuzi, kahawa, nani kajifungua, nani kagombana na nani. Mwisho ilikuja sala. Haikuwa ndefu. Alimwambia Mungu kwamba huyu mtoto alimkabidhi kwake akiwa bado mgongoni, sasa mgongo haufiki huko juu, basi amshike Yeye. Ikishamalizika hiyo, Kasian anavaa mkanda wa usalama na kupanda. Wenzake walimtania kwamba hapandi bila ruhusa ya mama. Alicheka tu, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Na mama alitujua. Kasian alikuwa amempa habari zetu, kwa hiyo katika salamu zake alitutaja. Kuna siku alisema, "Na yule dada mwenye hasira, mwambieni nimemsikia, apunguze kidogo, asiimalize yote." Mama yangu mzazi mwenyewe hajawahi kunielewa vizuri hivyo. Sikuwahi kumwona mama Agnes kwa macho, lakini nilimpenda.

Sasa tazama walichomfanyia.

Jumatatu moja asubuhi Kasian alinitumia ujumbe wa mama yake wa siku ile, akaniomba niusikilize. Mama alikuwa anasema kahawa imechanua shamba zima, harufu yake imeingia mpaka chumbani. Mimi nimezaliwa Bukoba, kahawa nimekua nayo. Mwezi wa saba hakuna ua la kahawa. Mwezi wa saba watu wanachuma, vidole vyekundu, magunia yamejaa barazani. Kasian naye alijua, na ndiyo maana aliniandikia. Aliniuliza kama uzee huingia kichwani ghafla namna ile, kama mtu anaweza kulala mzima akaamka hajui ni mwezi gani. Nikamtuliza. Nikamwambia labda mama amebonyeza vibaya, ukatoka ujumbe wa zamani.

Jumanne ulikuja mwingine. Mama anamsifia mbuzi wake kuzaa mapacha, na mbuzi huyo aliuzwa Pasaka. Kasian aliusikiliza mara nyingi, akaenda kazini na akili iko Mbinga. Mchana wake alinipigia kunieleza kwamba alikuwa amekanyaga jukwaani, mwenzake akamshika bega na kumrudisha. Alikuwa hajafunga klipu ya mkanda. Tangu aanze kazi hajawahi kuisahau. Aliniambia, "Dada Irene, mama yangu anapotea na mimi niko huku nafuta vioo." Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Jioni hiyo hiyo mwenyekiti wa jumuiya, mzee Joachim, aliniita kwake Al Mankhool. Joachim ni dereva wa familia moja tajiri, mtu mzima, mpole, na sitasema ni mtu mbaya kwa sababu si mtu mbaya. Nilimkuta na Damaris, Mkenya tunayefanya naye kazi kule kwenye mashine. Joachim akafunga mlango, akapunguza sauti, akatueleza kwamba mama Agnes amefariki. Alifariki Jumapili asubuhi, nyumbani kwake, akijiandaa kwenda kanisani. Maziko yangekuwa kesho yake, Jumatano alasiri, kwa sababu kuna ndugu waliokuwa bado njiani kutoka Dar es Salaam.

Nilikaa chini. Nikauliza Kasian ameambiwa na nani.

Hakuambiwa. Na asiambiwe. Kaka yake mkubwa, Deus, ndiye aliyempigia Joachim siku ile ile ya Jumapili, akaomba jumuiya itunze siri mpaka Desemba, mkataba utakapokwisha na kijana atakaporudi nyumbani akaambiwe akiwa katikati ya watu wake. Tena Deus alikuwa amefikiria mbali. Alichukua simu ya marehemu, na kila asubuhi anachagua ujumbe wa zamani wa mama na kuutuma upya, ili mdogo wake asikose sala yake. Joachim alilieleza hili kwa sauti ya kusifu, kama mtu anayekuonyesha kifaa kipya.

Kila Mwafrika wa huku anaijua desturi hii. Ukiwa mbali, unafichwa. Baba anazikwa, unaambiwa ana homa kidogo. Wanasema wanakuhurumia. Mimi naiita jina lake: ni uongo. Na uongo unaosemwa kwa sauti ya upole ndio unaonichemsha damu kuliko ule wa wezi, maana mwizi angalau hakuombi umshukuru.

Nilimwambia Joachim hayo yote na zaidi. Nilimwambia kwamba mtoto anaamini mama yake amepata wazimu. Wamemchukua mwanamke aliyekuwa na akili timamu mpaka siku ya mwisho, wakamfanya kichaa baada ya kufa. Nikamweleza habari ya klipu. Hapo alishtuka, nikaona, lakini hakurudi nyuma.

"Dada Irene," akasema, "nguvu ya yule kijana ni mama yake. Wewe unajua, mimi najua. Ukimwondolea mama wakati yuko juu ya nyaya, umemsukuma mwenyewe kwa mkono wako. Akianguka utamwambia nini Mungu?"

Hilo lilinikasirisha zaidi. Kwa sababu hofu yake ilikuwa ya kweli. Niliona mwili wa Kasian kwenye lami ya Al Barsha, niliuona kabisa. Joachim akaongeza kwamba tumwombee tu, Mungu atafungua njia. Nikamwuliza Mungu gani huyo anayefungua njia kwa kutumia simu ya maiti. Akaniambia nichunge ulimi. Nikamwambia Yesu alipokuwa anakufa, mama yake hakufichwa. Mama alisimama pale chini ya msalaba, akaona kila kitu, na hakuna mwanafunzi aliyempeleka pembeni eti apewe habari baadaye. Tena kaburini kwa rafiki yake, Bwana alilia mbele ya watu wote. Sasa sisi tumepata wapi huruma kubwa kuliko yake?

Nilimgeukia Damaris. Ni mtu wa utani, Sheng nyingi, hana shida na mtu. Nilifikiri yuko upande wa Joachim. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Mimi walinificha babangu," akasema. "Niliona kwa status ya cousin, picha ya jeneza, nikiwa kwa break. Walikuwa wameshamzika kitambo. Nilikuwa nawauliza kila wiki amepona, wananiambia anaendelea poa. Mpaka leo hao watu wakiniambia kitu siamini, hata wakisema kumenyesha. Mzee, mwambieni huyo kijana."

Joachim alitazama sakafu. Akasema ameshatoa neno lake kwa Deus, na neno la mzee halirudi. Nikamwambia la kwangu sijalitoa kwa mtu. Nikatoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni tusi, na nilikusudia liwe tusi.

Kesho yake Damaris alinishikia zamu. Nilipanda metro kwenda Al Barsha nikiwa na sare ya kufulia. Muda ule wa mchana wa kiangazi wafanyakazi wa juani hushushwa wapumzike, na kikosi cha Kasian hujilaza kwenye maegesho ya chini ya jengo, palipo na afadhali ya joto. Njia nzima nilikuwa natukana moyoni. Nilimtukana Deus, nikamtukana Joachim, nikazitukana ndege zinazotuleta huku kwa wingi na kuturudisha kwa kubahatisha. Lakini kadiri nilivyokaribia, ndivyo hasira ilivyonikimbia, ikabaki hofu. Ilinijia tamaa ya kusema mama ni mgonjwa sana. Hivyo ndivyo tunavyoanza sote, mgonjwa sana, kisha hali si nzuri, kisha jipe moyo. Nilielewa kwa nini Deus alifanya alichofanya. Nilimwelewa na nikazidi kumkasirikia.

Kasian alikuwa amelala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, viatu pembeni. Aliponiona aliinuka, akaniuliza kwa mshangao kama nimepotea njia. Msimamizi wao, Shakir wa Mombasa, alikuwa ameketi karibu na chai yake. Nilimwomba Kasian tukae. Akakaa. Nikamshika mikono yote miwili.

"Kasian, mama amefariki," nikasema. "Alifariki Jumapili asubuhi. Wanamzika leo alasiri. Zile sauti alikuwa anakutumia Deus."

Hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha anayoijua kidogo. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Kwa hiyo hakuchanganyikiwa?"

Nikamwambia hapana, hata kidogo. Alikuwa na akili zake zote, na alikufa akijiandaa kwenda kanisani. Kasian akafunika uso na kulia, na katika kilio kile mlikuwa na shukrani, nakuapia. Kwa siku mbili wale watu walimfanya amlilie mama aliye hai aliyepotea, na sasa alikuwa anamlilia mama mzima aliyekufa, na hiki cha pili kilikuwa chepesi kwake. Sijui kama Deus ataelewa hilo siku moja.

Shakir alikuja taratibu. Ni Mwislamu, mtu wa Old Town, hana mazoea ya kubembeleza. Akasema innalillahi, akamwekea mkono kichwani. "Leo hupandi, ndugu yangu. Mambo ya kampuni niachie mimi. Mzike mamako kwanza." Akawageukia wengine akawaambia yalla, wasogee kule, wampe mtu nafasi.

Kasian alifuta uso, akatoka hadi kwenye mlango wa maegesho panaposhika mtandao, akampigia kaka yake simu ya kawaida. Nilisimama karibu. Deus alipokea, nyuma yake zikasikika nyimbo za msiba. Alianza kueleza haraka haraka, walitaka kumlinda, kazi yake ni ya hatari, wote walikubaliana, na mzee Joachim huku anajua tangu Jumapili. Kasian alimwacha aseme. Mimi ningekuwa nimeshamkata kwa maneno.

"Kaka," akasema alipopata nafasi, "mama alinibeba mimi nikiwa mzito kuliko msiba huu. Wewe uliona. Ulidhani alikuwa ananibeba ili nije nishindwe kusimama siku akiondoka?"

Kasian akamwambia kwamba simu ya mama izimwe sasa hivi na asiiguse mtu tena. Akamwambia pia wakifika kaburini aishike simu yake mwenyewe wazi, aache kuongea, ili Kasian asikie udongo ukimwagwa. Deus akajibu ndiyo. Halafu nikamsikia analia, mtu mkubwa yule, na Kasian ndiye aliyekuwa anamwambia basi, basi, kaka, tulia.

Tulirudi ndani kungoja. Hapo ndipo alipotokea mzee Joachim, jasho linamtiririka, bado na sare ya udereva. Damaris alikuwa amempigia kumwambia nilipokwenda. Nilijipanga kwa ugomvi. Lakini Joachim hakunitazama hata mara moja. Alimwendea Kasian, akampa mkono, akaanza yale maneno yetu ya msibani: pole mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa, sisi sote ni wa njia hiyo.

Kasian alimwitikia kwa heshima. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Mzee, tangu Jumapili mmemwombea mama yangu?"

Joachim aliuachia mkono wa Kasian.

Nani asiyejua jumuiya inavyofanya? Akifa hata shangazi wa mtu tusiyemjua, jioni ile ile tunakusanyika tunamwombea, jina lake linapelekwa litajwe kwenye misa. Mama Agnes hakupata hata Salamu Maria moja. Asingeweza kupata, maana jina lake lingetajwa miongoni mwa marehemu, lingemfikia mwanawe. Mwanamke aliyetuombea sisi kila asubuhi, akitutaja mmoja mmoja, amelala siku zote hizo na sisi tumenyamaza kama ambao hatukumjua.

Nilikuwa tayari kumrukia Joachim kwa hilo. Nikakuta swali limenifikia na mimi. Nilikuwa nimejua tangu jana jioni. Nilitukana kutoka Al Mankhool mpaka chumbani kwangu, nikatukana kutoka Al Garhoud mpaka Al Barsha, kwa ajili yake, kwa mapenzi yake, na sikuwa nimemwombea.

"Hatujamwombea," Joachim akasema mwishowe. Aliutegemea ukuta. "Nisamehe, mwanangu. Hatujamwombea."

"Basi tuanze," Kasian akasema.

Akamshika mzee kwapani, akamshusha taratibu mpaka chini kwenye sakafu ile ya mafuta ya magari. Kisha akapiga magoti kando yake, na alipoona mimi bado nimesimama, akaninyooshea mkono.